MNAULIZA, TUNAJIBU: Uganda na Rwanda wakizichapa, nani mbabe?

Swali: Shikamoo mzee. Hapa kijiweni Bukoba tumebishana mpaka kahawa imepoa. Mwenzangu anasema Uganda na Rwanda wakipigana leo Uganda anamaliza kazi wiki moja tu, ana ndege ana watu, mi nasema Rwanda kadogo ila kana jeshi la moto. Nani yuko sahihi? Na eti ni kweli zamani walikuwa kitu kimoja?

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho maana ndo limebeba yote. Museveni alipoenda msituni Februari 1981 na kuvamia kambi ya Kabamba, bunduki zilikuwa 27 tu, na kati ya watu aliokuwa nao ni Fred Rwigyema na Paul Kagame, vijana wa wakimbizi wa Kinyarwanda waliokulia Uganda. Kampala ilipoanguka 1986 Rwigyema akaja kuwa naibu waziri wa ulinzi, Kagame akawa mkubwa kwenye ujasusi wa jeshi, halafu 1 Oktoba 1990 wenzao kwa maelfu wakavuka mpaka kwenda kupigania kwao Rwanda wakiwa na sare na silaha za jeshi la Uganda hilohilo. Sasa we fikiria, unapigana na mtu aliyekaa chumba chako cha mipango, anajua unavyofikiri mpaka unavyokasirika. Hata amri za vitani wengi wao walizizoea kwa Kiswahili.

Tukienda kwenye hesabu mwenzako hajakosea. Uganda ina watu kama milioni 46, Rwanda kama milioni 14. Askari, makadirio yanayotajwa sana ni kama 45,000 kwa 33,000. Uganda ilinunua ndege za kivita Su-30 sita kutoka Urusi na ina vifaru vya T-90, Rwanda haina ndege ya kivita ya namna hiyo hata moja, ina helikopta. Kwa karatasi mechi imeisha.

Ila karatasi ilishadanganya. Hawa jamaa walimsaidia Laurent Kabila kumtoa Mobutu madarakani Kongo 1997, mwaka uliofuata wakamgeuka Kabila, na wakiwa bado marafiki wakakutana Kisangani, mji wa almasi katikati ya Kongo, mbali na kwao wote wawili, kila mmoja na waasi wake. Agosti 1999 wakapigana, Mei 2000 tena, halafu kuanzia 5 Juni 2000 siku sita mfululizo. Daraja la mto Tshopo likawa ndo la kugombewa, Waganda upande wa kaskazini, Wanyarwanda mjini, na mabomu yanapita juu ya nyumba za watu yakikosa yanaangukia humohumo. Maelfu ya mabomu, sio mamia. Watu walilala chini ya vitanda siku sita, maji hamna umeme hamna, na aliyekufa anazikwa uani kwa sababu makaburini hakufikiki. Umoja wa Mataifa ulikuja kuandika kwamba raia waliouawa ni kati ya 244 na 760. Na mkubwa kwa hesabu, yaani Uganda, ndo alisukumwa nje ya mji. Bili ikafika 2022, mahakama ya The Hague ikaiambia Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita yote ile, Rwanda haikuguswa kwa sababu haikuwa imekubali mamlaka ya mahakama hiyo.

Sasa usikimbilie kushangilia. Kisangani hakukuwa na Su-30. Tena Kigali mpaka Gatuna, pale mpakani mwa Rwanda na Uganda, ni kama kilomita 80 hivi, wakati Kampala mpaka hapohapo ni zaidi ya 400, kwa hiyo Uganda inaweza kurudi nyuma ikajipanga, Rwanda ikirudi nyuma kidogo imeshafika ikulu. Ndo maana Rwanda siku zote inapenda kupigania mbali na nyumbani na kumaliza haraka. Mi ukinishikia panga shingoni nasema mwezi wa kwanza Rwanda, ikivuka miezi 6 Uganda. Kwa hiyo mwenzako anunue kahawa, ila na we changia andazi.

Swali: Mi dereva wa lori Dar kwenda Kigali. Gatuna walipofunga sisi wa Rusumo, mpaka wa Rwanda na Tanzania, kazi haikupungua. Wakipigana si ndo tutatajirika?

Jibu: Ndugu yangu, Gatuna ilifungwa Februari 2019 ikafunguliwa 31 Januari 2022, lakini ile ilikuwa nuno, sio vita, mizigo ya Mombasa ilikuwa bado inapenya Mirama Hills ikatokea Kagitumba, mpaka mwingine wa Uganda na Rwanda. Vita ikiwaka kote huko kunafungwa, mafuta ya Rwanda nzima yanabaki kupita daraja moja pale Rusumo, na ukiwa jenerali wa upande wa pili utaanza kuliangalia nini kama sio foleni ya matenki ya mafuta ng'ambo ya hilo daraja? Nauli itapanda kweli, sikatai. Ila kabla hujapiga mahesabu ya kiwanja mwombe bosi akuonyeshe karatasi ya bima ya hilo lori, tafuta palipoandikwa vita. Nyingi zinasema hazilipi.