Mama Nyavu Anajibu: Kisu cha Mkobani

SWALI: Shikamoo Mama Nyavu. Mimi nauza dagaa, nakaa Nansio, na karibu kila wiki navuka kwa meli kuja Mwanza. Kutwa nzima nahitaji kitu cha kukatia: kamba za viroba, utepe wa gundi wa maboksi, chungwa nikiwa njiani. Nimeazima visu vya watu mpaka naona haya. Nataka changu cha kukunja, kidogo, kikae mkobani. Kaka yangu anasema ninunue kile kikubwa ambacho ukibonyeza kinachomoka chenyewe. Nimsikilize?
Msomaji, Nansio

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako mwache anunue chake.

Nimeshona nyavu pale Mwaloni, Kirumba, miaka ishirini na sita, na kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia hadi leo hakikunjiki chote. Hicho kidole ndicho kinachokujibu. Nilikuwa nimenunua kisu mitaa ya Makoroboi, elfu tatu, mpini mwekundu una picha ya tai, nikajiona nimepata. Siku moja fundo la kamba ya nanga likanishinda. Nikachomeka ncha ya kisu katikati ya fundo, nikasukuma kwa nguvu. Bapa likarudi nyumbani kwake na kidole kikiwa mlangoni. Kisu kile hakikuwa na kitu cha kulishikilia bapa isipokuwa springi ya mgongoni, nayo ilikuwa imechoka. Sitakilaumu chote lakini. Kisu cha springi tupu kimeumbwa kukata kwa kuvuta, mimi nikakifanya sindano.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze na rangi wala jina, anza na kifungio, yaani kile kinacholishikilia bapa lisijikunje lenyewe. Vingine vina bati jembamba ndani ya mpini: ukifungua kisu, bati linaruka pembeni na kukaa nyuma ya bapa, na huwezi kukunja kisu mpaka ulisukume kwa kidole gumba. Vingine unabonyeza mgongo wa mpini ndipo vinakunjika. Opinel ya Wafaransa, ile ya mpini wa mti, ina pete ya chuma shingoni unayoizungusha ili bapa lisijikunje. Kisu chenyewe ni cha tangu 1890, pete waliiongeza 1955. Mimi nahusudu pete, kwa sababu unaiona kwa macho kama imefunga au haijafunga. Bati la ndani linakutaka uchungulie.

Mwombe muuzaji akuruhusu ukijaribu. Fungua kisu, shika mpini vidole vikiwa mbali na njia ya makali, kisha gonga mgongo wa bapa polepole kwenye ubao wa meza. Kikilegea hata kidogo, mrudishie. Tikisa bapa kushoto na kulia: likicheza, msumari wa kifundo, pale bapa linapojikunjia, umeshaanza kulegea kabla hujalipa. Halafu ukikunje, upitishe kitambaa juu ya mpini. Kitambaa kikinasa, ujue ncha haijazama vizuri, na hiyo ncha itakutana na vidole vyako siku unatafuta nauli mkobani.

Urefu? Bapa la sentimita sita au saba linakutosha kabisa. Kamba ya kiroba haijali kisu chako ni kirefu kiasi gani. Opinel namba 6 ina bapa la sentimita 7. Namba 8, ambayo wengi wanaichukua, ni 8.5, na kwa mkoba wako naiona imezidi. Ukitaka kidogo zaidi, Victorinox ya Uswisi wana kile cha mkasi na kibano cha kuchomolea miba ambacho kikikunjwa ni milimita 58 tu. Kile hakina kifungio, lakini kwa nyuzi, bahasha na kucha kinafaa sana. Kamba ya manila usikipe.

Sasa hicho cha kubonyeza. Springi yake inaingia mchanga na magamba, kinagoma. Au hakigomi, kinachomoka ndani ya mkoba. Na jingine: ukikitoa kwenye foleni ya meli kwa kishindo kile, watu hawaoni mtu anayemenya chungwa. Kisu cha kufungua taratibu kinawatuliza waliokuzunguka. Siku utakayopanda ndege, hata hicho kidogo kiweke kwenye begi linaloingia mizigoni, la sivyo utakiacha kwenye meza ya ukaguzi.

Ukipata kisu cha Okapi pia si vibaya, wazee wetu walivijua. Vilianza kutengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya soko la makoloni, siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Kifungio chake kinalia tr-r-r ukifungua. Ni kirefu kwa mkoba, hilo tu.

Usikitumie kupasulia sangara. Ute na magamba vinaingia kwenye kifundo, hutavitoa, na kesho chungwa lako litanukia soko. Samaki ana kisu chake kisichokunjwa. Na kitie kamba, ukifunge kwenye mkanda wa mkoba. Vyangu vitatu viko chini ya ziwa kati ya Kirumba na Kamanga.

Kunoa: yule fundi wa baiskeli anayepita mitaani ni mzuri, ila mwangalie. Akibana kisu kwenye jiwe kavu cheche zikiruka na makali yakageuka bluu, chuma kimeungua, hakitashika makali tena pale. Mwambie achovye kwenye maji kila mara. Nyumbani geuza kikombe cha kauri, ile duara ya chini isiyong'aa inanoa vizuri. Laza kisu, kinyanyue kidogo tu, vuta taratibu pande zote mbili.

SWALI: Mama, nina kisu cha mpini wa mti nilichoachiwa na mgeni. Kililowa kwenye mtumbwi, sasa hakifunguki, na bapa limepata weusi. Nilidhani maji ya ziwa hayana chumvi, hayaharibu chuma?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Maji baridi yanakula chuma, mwanangu, ila yanakula polepole kuliko ya Dar. Weusi huo si lazima uwe kutu. Bapa la chuma cha kaboni likikutana na ndimu au embe linafanya kijivu, na hiyo ni kama ngozi, iache. Kilicho chekundu na kinachotoa unga ndicho kutu. Sugua kwa majivu na kitambaa chenye unyevu, kausha saa hiyo hiyo.

Kugoma ni mti umevimba. Usibane kwa koleo. Kianike kivulini siku mbili tatu, si juani, mti utapasuka. Kisha gonga kitako cha mpini kwenye kizingiti, bapa litachungulia kidogo, ulishike hapo. Kikishafunguka paka nta ya nyuki kwenye mfereji wa mpini, na tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kifundo. Mafuta ya alizeti usiyatie, yataganda kama gundi na utaniandikia tena mwezi ujao.