Kongosho Limevimba, Mbona Hawampasui?

SWALI: Kaka yangu, miaka 38, kilo 70, amelazwa hapa Nairobi. Tumbo lilimuuma hadi mgongoni, kipimo cha laipesi, kimeng'enya cha kongosho, kikawa juu sana, altrasaundi ikaonyesha mawe ya nyongo. Huu ni usiku wa tatu yuko kwenye oksijeni, chumba cha wagonjwa mahututi. Hapewi antibiotiki, hapasuliwi, analishwa kwa mpira wa puani. Jamaa wanataka tumhamishe. Je, anatibiwa sawasawa?
Msomaji, Umoja

JIBU: Pole sana, dada. Hayo matatu mnayoyalalamikia ndiyo matibabu yenyewe.

Jiwe la nyongo likiziba mfereji wa kongosho, vimeng'enya vya kusaga chakula huanza kulisaga kongosho lenyewe. Mishipa ya damu huvuja, presha hushuka, mapafu na figo huumia. Kiungo kikishindwa kazi zaidi ya saa 48, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Mwanzoni kazi kubwa ni dripu, mara nyingi Ringa lakteti, yaani maji yenye chumvichumvi za mwili. Aliyepungukiwa maji hupewa mililita 10 kwa kila kilo ndani ya saa 2, kisha 1.5 kwa kila kilo kila saa. Kwa kaka yako hiyo ni 700, halafu 105 hivi kwa saa. Zamani maji yalimiminwa maradufu. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba kasi hiyo hufurisha mwili maji na haizuii ugonjwa kuwa mkali. Utazameni mfuko wa mkojo kando ya kitanda, una alama za mililita. Zikiingia 35 au zaidi kwa saa, figo zinapata damu. Zikipungua, au pumzi ikizidi kubana, mwiteni muuguzi papo hapo.

Utumbo ukikaa mtupu, ukuta wake hudhoofika na bakteria hupenya hadi kwenye kongosho. Ndiyo maana ya ule mpira. Tafadhali msimnyweshe uji kwa kijiko bila ruhusa. Mtu anayehema hivyo hupaliwa kwa urahisi.

Homa ya wiki ya kwanza mara nyingi hutokana na uvimbe, si bakteria. Antibiotiki za kukinga hazijaonyesha faida ya kuaminika, na hukaribisha fangasi na usugu. Hutolewa maambukizi yakionekana.

Kupasua mapema ni hatari: nyama iliyokufa bado imeshikana na iliyo hai, damu hutoka nyingi. Hata usaha ukiingia, madaktari hujitahidi kungoja wiki 4 hivi, kisha huanza na mpira wa kuutoa kupitia ubavuni. Baadhi hupona kwa huo tu.

Jambo moja halingoji. Macho yakiwa manjano pamoja na homa na kutetemeka, huenda njia ya nyongo imeziba na kuingiwa na maambukizi. Inafaa izibuliwe kwa endoskopi, mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ndani ya saa 24. Ulizeni leo kama hospitali hiyo ina huduma hiyo. Kama haina, hapo kuhama kuna maana, kwa ambulansi yenye oksijeni na mhudumu wa wagonjwa mahututi, maana foleni ya Jogoo Road haimwonei mtu huruma.

Akishapona na majimaji tumboni yakaisha, mfuko wa nyongo utolewe. Ukibaki na mawe yake, shambulio hurudi.