Kwenda Dominica kutoka Afrika Mashariki: viza za njiani, pesa na njia ya Boiling Lake

Anayepanga kwenda Dominica, kisiwa na nchi ya Karibi, aanze na njia, hoteli zitafuata. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania haombi viza ya kwenda kutembea Dominica, na hapo ndipo wengi hutulia mapema mno, maana viza inayowakwamisha ni ya nchi ya kati. Ukipita Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu Miami, lazima uwe na viza ya Marekani, kwa kuwa kila abiria anayeshuka huko hupita uhamiaji. London nako kuna viza ya kupita uwanjani. Zaidi ya hayo, ukishukia Heathrow na ndege ya Karibi ikaondokea Gatwick, utavuka mpaka kabisa, na hiyo ni viza ya aina nyingine. Angalia majina ya viwanja kabla ya kulipia tiketi.

Njia ya Paris hadi Guadeloupe, halafu boti hadi Roseau, mji mkuu wa Dominica, inavutia ukiitazama kwenye ramani. Guadeloupe na Martinique ni Ufaransa, lakini hazimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya kawaida ya Schengen haikufikishi huko. Omba tangu mwanzo ile inayotaja visiwa hivyo.

Kwenye tiketi hakikisha msimbo wa uwanja ni DOM. Ukiona SDQ, umenunua safari ya Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, nchi nyingine kabisa. Beba pia cheti cha homa ya manjano: huulizwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Nguo za mabaka ya kijeshi ziache nyumbani, raia haruhusiwi kuzivaa. Adapta usinunue kama umetoka Kenya au Tanzania: soketi za pini tatu nene na umeme wa volti 230 ni vilevile.

Hatua ya mwisho mara nyingi ni ndege ndogo ya pangaboi kutoka kisiwa jirani, na mizigo mikubwa wakati mwingine hubaki nyuma. Dawa, viatu vya kupandia mlima na nguo za siku moja viwe kwenye mkoba wa mkononi.

Kisiwa kina kilomita za mraba 750 hivi, kidogo kuliko Pemba, lakini usipige hesabu ya safari kwa kilomita. Kina milima mikali, Morne Diablotins ukifika mita 1,447, na barabara ni kona juu ya kona. Uwanja wa ndege, Douglas-Charles, uko kaskazini-mashariki na Roseau kusini-magharibi, hivyo tenga zaidi ya saa moja. Basi dogo la abiria utalijua kwa namba ya usajili inayoanza na H. Jioni na Jumapili huwa machache sana, kwa hiyo usilitegemee kuwahi ndege. Magari hupita kushoto, na ukikodi gari utalipia kibali cha muda cha udereva.

Pesa ni dola ya Karibi Mashariki, EC, na dola 1 ya Marekani ni EC 2.70. Wengi hupokea dola za Marekani ila chenji hurudi kwa EC. Dereva akisema "dola mia", muulize dola gani: EC 100 ni kama dola 37 tu za Marekani. Vijijini tembea na noti ndogo.

Fukwe nyingi ni za mchanga mweusi wa volkano. Anayetaka mchanga mweupe aende Antigua. Dominica ni ya misitu, maporomoko na maji ya moto, na safari inayostahili siku yako nzima ni Boiling Lake, ziwa la maji yanayochemka. Njia huanzia Titou Gorge, juu ya kijiji cha Laudat, kama kilomita 13 kwenda na kurudi, saa sita hadi saba. Anza kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu mvua ikishuka mito hujaa ghafla na ngazi za magogo huteleza vibaya. Jaza chupa kwenye mto wa Breakfast River, maana mbele yake maji yana salfa, hayanyweki. Kisha unapanda mlima Morne Nicholls na kuteremka Valley of Desolation, bonde lililojaa mvuke, ambako ardhi ni gamba jembamba juu ya tope linalochemka. Matundu ya mvuke huhama, kwa hiyo nyayo za jana si njia ya leo. Chukua mwongozaji na ukanyage anapokanyaga yeye. Vua vito vya fedha, gesi ile huvifanya vyeusi. Ziwa lenyewe lina upana wa mita 60 hivi na maji ya ukingoni hupita nyuzi 80. Mvuke ukilifunika, subiri upepo, wala usisogelee ukingo.

Njaa utaimaliza kwa vyakula unavyovijua: shelisheli, magimbi, ndizi.

Miezi mikavu zaidi ni Januari hadi Mei, na msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kimbunga Maria, Septemba 2017, kilivunja karibu kila paa, basi ukisafiri msimu huo nunua tiketi inayobadilishika. Na kama ndege ya kurudi ni ya asubuhi, lala Marigot au Calibishie, karibu na uwanja, usiku wa mwisho.