Rutabaga ni "nyepesi" kuliko viazi?

SWALI: Naandaa maelezo ya mapishi ya rutabaga, mboga ya mzizi ya jamii ya kabichi, kwa kikundi cha lishe hapa Uyole, Mbeya. Niliandika "rutabaga ni chakula chepesi kuliko viazi mviringo". Wenzangu wameelewa kwamba inaiva haraka. Je, nimekosea? Tena tuseme rutabaga au marutabaga?

JIBU: Kisarufi hujakosea, ila umewapoteza wasomaji. Mzigo mwepesi ni rahisi kubeba, kazi nyepesi haisumbui, na uji mwepesi umezidi maji. Ukizungumzia sufuria, maana hizo mbili za mwisho ndizo zinazowahi kichwani, na kwa rutabaga zote zinaleta matatizo.

Haraka haiivi. Vipande vya sentimita 2 huchukua dakika 30 hadi 40, wakati viazi vilivyokatwa vivyo hivyo huiva kwa 15 hadi 20. Huko kwenu kwenye mwinuko wa mita 1,700 na ushei, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, kwa hiyo msihesabu dakika. Andika "mpaka kisu kipenye bila kusukumwa".

Na ukisema rutabaga ya kuponda ni nyepesi, mpishi ataona kitu cha majimaji. Mara nyingi ndivyo inavyotokea! Gramu 100 za rutabaga mbichi zina kama gramu 9 za kabohaidreti (wanga, sukari na nyuzi kwa pamoja), za kiazi 17, na wanga ndio unaoshikamanisha. Basi sema ulichokusudia: "ina wanga kidogo kuliko viazi", au "kalori zake ni kama nusu ya za viazi".

Neno "nyepesi" libakize kwenye onyo, mahali pake hasa: "Ili isiwe nyepesi, mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika 3 ukigeuza mpaka mvuke upungue, ndipo uponde." Usiandike "chuja", maana kuna atakayeyahifadhi maji hayo kwa mchuzi, nayo yana uchungu kidogo. Wala "saga": mashine huzidi kuilainisha. Ikikataa kushikana, kilo 1 ichanganyiwe nusu kilo ya viazi.

Kuhusu wingi, ifuate karoti: rutabaga hii, rutabaga hizi, zimenywe ganda nene. Sokoni watu husema "makaroti", na "marutabaga" yatasikika vivyo hivyo. Kwenye maandishi ya kikundi usiyatumie.