Ukienda Nane Nane, anzia kwenye vipando

Wengi wanaofika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Morogoro, wiki ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane huishia mabandani: ngoma, juisi, ng'ombe wa maziwa, kofia za bure. Bustani za mafunzo, zile zinazoitwa vipando, hupitwa tu. Halmashauri za Kanda ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Magereza na kampuni za mbegu hupanda mapema ili mazao yawe yamesimama ifikapo Agosti 1. Mengi ninayoyajua kuhusu mboga nimeyapata humo.

Usiende tarehe 8. Ni siku ya kilele, na mtaalamu unayemtaka atakuwa amepangwa mstari kumsubiri mgeni rasmi. Nenda siku za mwanzo, asubuhi, wakati wa kumwagilia, umtafute aliyeshika mpira wa maji kabla ya aliyevaa fulana mpya. Huyo ndiye anayejua miche mingapi imekufa na kwa nini.

Halafu nenda na tatizo lako. Mwaka mmoja nilikwenda na picha za nyanya zangu kwenye simu, majani yana mabaka makavu kama yameungua. Bwana shamba hakungoja nimalize: "Kantangaze hiyo." Ni yule mdudu aliyeingia nchini 2014, ambaye viwavi wake hula jani kwa ndani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, ndiyo maana dawa ya kupuliza juu juu haiwafikii vizuri. Akanipeleka kwenye beseni lililokaa kati ya matuta: maji ya sabuni, na juu yake kimening'inizwa kidonge chenye harufu ya jike. Madume hufuata harufu, wakazama. Nondo wadogo wa kijivu walikuwa wanaelea humo, na kwa mara ya kwanza nikajua sura ya adui yangu. Lakini akanionya kuwa beseni haliponyi shamba lililokwisha kuvamiwa. Linakuambia mapema kwamba wameingia, uanze kuchuma majani yenye dalili na kuyateketeza.

Wenye uwanja mdogo waende kwenye magunia ya udongo yaliyopandwa mboga. Uliza hasa kuhusu mawe: nguzo ya kokoto inapanda katikati ya gunia toka chini hadi juu, nayo ndiyo inayoshusha maji. Bila hiyo juu panaloa, chini sukuma wiki inakauka.

Sasa tahadhari. Agosti ni kipupwe, baridi kidogo na mvua haba, kwa hiyo nyanya hupendeza. Aina hiyohiyo ukiipanda masika inaweza kumalizwa na ugonjwa wa bakajani. Kila kipando kinachokuvutia, uliza: "Hii ungeipanda Aprili?" Vipando vya kampuni za mbegu, kwa maoni yangu, ni tangazo lenye mizizi, uliza mbolea na dawa zilizotumika zimegharimu kiasi gani. Vya halmashauri having'ai sana, ila viko karibu na mifuko yetu.

Beba futi upime mwenyewe nafasi kati ya mche na mche, na ukipiga picha ya mmea, bango lake liingie pia. Nyama choma iache mwisho. Ukianza nayo, matutani hufiki.