Vumbi la NGC 6822 limezidi? Kabla hujalaumu modeli, angalia kilicho mbele yake

Mkuu, umeuliza kwa nini modeli yako ya galaksi ndogo ya NGC 6822 inakupa vumbi jingi mno ukililinganisha na gesi. Galaksi hiyohiyo ilinitesa miezi minne nikiwa kwenye shahada ya uzamili, kwa hiyo nakuelewa kabisa.

Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 1.6 hivi, upande wa kundinyota la Mshale. Maana yake tunaichungulia kupitia vumbi la Njia Nyeupe yetu wenyewe. Mimi nilisahihisha mwanga wa nyota uliofifishwa na vumbi hilo, nikasahau kwamba lenyewe nalo linang'aa kwenye infraredi. Siku moja nikachora duara kwenye picha ya Herschel, darubini ya anga ya infraredi, ya mikromita 250, pembeni kabisa, mahali pasipo na galaksi. Nilitegemea sifuri. Nikakuta ukungu wa nyuzinyuzi, ndilo vumbi la Njia Nyeupe, na nilipoufuata ukaingia hadi katikati ya galaksi! Nilipouondoa, uzito wa vumbi ulishuka palepale. Gesi nayo ina mtego wake: NGC 6822 inatusogelea kwa kilomita 57 hivi tu kwa sekunde, hivyo mstari wa hidrojeni wa sentimita 21, yaani mawimbi ya redio tunayopimia gesi hiyo, unachanganyika na wa gesi ya kwetu.

Ukishasafisha hapo ndipo urudi kwenye modeli. CIGALE, programu ya kuunda modeli za mwanga wa galaksi, hufuata hesabu ya nishati: mwanga wa nyota uliomezwa na vumbi lazima utoke tena kama infraredi. Hesabu hiyo naiamini. Nisichokiamini ni kuchukua vumbi la Njia Nyeupe na kulipachika kwenye galaksi yenye elementi nzito theluthi moja tu ya Jua. Kule vumbi ni haba, urujuanimno wa nyota changa unapenya mbali na kuvunja kaboni monoksidi, huku hidrojeni ya molekuli ikijikinga yenyewe. Ukipima gesi ya molekuli kwa kufuata kaboni monoksidi peke yake, gesi nyingi huioni, na vumbi litaonekana limezidi.

Jaribu pia, kwenye chembe za vumbi za modeli, kuweka kaboni isiyo na fuwele badala ya grafiti. Hiyo hung'aa zaidi kwenye mawimbi marefu, kwa hiyo uzito mdogo unatosha. Na usiichukue galaksi nzima kama donge moja; Hubble V na Hubble X, maeneo yake yanayozaa nyota, yapigie modeli zake peke yake, maana vumbi la huko lina joto zaidi.

Weka hapa picha yako ya mikromita 250, kabla na baada ya kuondoa ukungu, tuitazame pamoja.