Ukienda Ukingo wa Dunia, hesabu kutoka saa ya kuzama jua

Kila baridi ikianza hapa Riyadh, hakosi kijana mgeni wa kuniuliza njia ya kwenda "kule kwenye picha". Picha yenyewe mnaijua: mtu kakaa kwenye ncha ya mwamba, miguu inaning'inia, chini yake jangwa tupu hadi macho yachoke. Ni Jabal Fihrayn. Waarabu wanapaita Hafat al-Alam, Ukingo wa Dunia, na ni kama kilomita 90 kaskazini-magharibi ya mji. Nimeshapeleka watu mara nyingi, na nimeshakosea pia.

Mnaloharibu zaidi ni saa. Ukingo ule unatazama magharibi, ndiyo maana kila mtu anataka kuliona jua likizama pale. Sasa piga hesabu. Mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi na moja na dakika chache. Ijumaa mkishaswali, mkala, mkamsubiri yule mmoja anayetafuta chaja, mnatoka mjini saa nane. Lami itawabeba vizuri, lakini kile kipande cha mwisho ni mawe na mchanga, na peke yake kinaweza kumeza saa nzima au zaidi. Mtafika jua linaaga, mpige picha tatu, halafu mrudi gizani kwenye njia ambayo hata mchana ina michepuko kila upande, kila aliyepita kachora yake. Kwa hiyo anza na saa ya kuzama jua, urudi nyuma mpaka upate saa ya kutoka nyumbani. Mimi siku hizi natoka asubuhi, na jua likibakiza upana wa vidole viwili juu ya upeo natia watu garini. Wananuna. Wacha wanune.

Hili sikulipata kwa kusoma. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa wanne kwenye Hilux moja ya kukodi, na tukapata pancha wakati wa kurudi, giza limeshaingia. Spea ipo, jeki ipo, tukacheka. Jeki ikaanza kupanda, lakini gari halinyanyuki: kumbe ni jeki inayozama mchangani. Tukaitandikia kapeti ya miguuni, ikajikunja ikamezwa nayo. Tukatafuta jiwe bapa kwa tochi ya simu, likashika. Tairi likafungwa, gari likashushwa, na spea ikalala chapati: haina upepo. Aliyetukodisha hakuiangalia, na sisi hatukuiangalia. Simu hazina mtandao. Tukakaa mpaka taa za gari la Wasaudi waliokuwa wamepiga hema zikatokea. Walitupa kahawa na tende kabla hata ya kutuuliza shida yetu, ndipo wakatoa pampu.

Basi kabla hujalipa gari, bonyeza spea kwa mkono wako. Beba kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, na pampu ya kuchomeka kwenye gari, maana kwenye mchanga mlaini utapunguza upepo wa matairi na kwenye lami lazima uurudishe. Gari dogo la mjini liache mjini. Nendeni magari mawili. Ramani ipakueni kwenye simu mkiwa bado nyumbani, na mumwachie mtu neno: tukipita saa nne usiku kimya, tutafutie watu. Namba ya dharura mkoa wa Riyadh ni 911, ila huko jabalini haitakusaidia kama simu haishiki.

Maji mimi nahesabu lita tano kwa kila mtu, hata baridi. Hakuna duka, hakuna choo, hakuna kivuli ila migunga ya bondeni. Kiangazi sahau kabisa; joto linapita nyuzi 40 na jiwe linakurudishia lote. Desemba na Januari chukua sweta, jua likizama baridi inaingia mifupani. Na ukiona mawingu mazito, hata yakiwa mbali, usiingie bondeni. Yale makorongo makavu ni njia za maji, na mvua iliyonyesha usikoona ndiyo inayokufuata.

Sasa ukingo wenyewe. Hauna uzio. Juu kuna tabaka gumu la chokaa, chini yake mawe laini zaidi. Yale laini yakiliwa na upepo na maji, lile gumu linabaki limening'inia kama bati la kibaraza. Unaposimama kwenye ncha huwezi kujua chini yako kuna nini. Mimi naacha hatua tatu, na wa kupiga picha asirudi nyuma kinyumenyume. Viatu vya kufunga, si ndala.

Lakini usiangalie mbali tu. Chuchumaa. Utaona kombe na matumbawe yamegeuka jiwe, kwa sababu takriban miaka milioni 160 iliyopita hapa palikuwa bahari. Nililiona kombe moja lina mistari ile ile kama tunayookota Tanga, nikalishika kwa muda mrefu kidogo kisha nikalirudisha nilipolitoa. Nanyi yaacheni hapo. Ukuta huu, Tuwaiq, unakwenda mamia ya kilomita. Mliokwenda Umra kwa basi mmeshauteremka kwenye barabara ya Makka, pengine mmelala.

Iqama, kile kibali chako cha ukaazi, iwe mfukoni mwako, si kwenye begi la mwenzako aliye gari la pili.

Na mkiipata lami usiku, dereva asikanyage mafuta kwa furaha. Ngamia wa huku wengi ni weusi, na taa za gari zinamulika miguu tu. Miguu yake ni mirefu: ukimgonga, kiwiliwili kinakuja juu ya boneti mpaka kiooni. Aliyekaa mbele asilale. Kazi yake ni kuangalia kandokando mwa barabara mpaka taa za mji zionekane.